Shajara ya mradi: askari wa malkia bila papara

Machi, mbalamwezi

Mradi wenyewe ni kujifunza kufungua mchezo wa sataranji kwa askari wa malkia, yule anayesimama mbele yake, akienda d4, kwa zile njia tulivu ambazo mweupe hakimbilii c4. Nimechagua tatu: mfumo wa Colle, mfumo wa London na shambulizi la Torre. Walimu ni michezo ya mabingwa iliyochezwa kweli, si orodha za hatua za kukariri.

Utulivu nimeuchagua kwa sababu ya kazi. Nauza nyavu, kamba na maboya Kirumba, Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Kipindi cha giza wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani kila usiku na duka halikaliki. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa zao hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na mimi nabaki na kaunta tupu. Mwenye ratiba ya namna hii hashindani na vijana wanaokariri Sisilia, ufunguzi maarufu wa mweusi, mpaka hatua ya ishirini. Anatafuta ufunguzi ambao mpango wake unabaki kichwani hata akiuweka kando mpaka mwezi mwingine.

Utaratibu: nanakili mchezo kwenye kaunta buku, naufunika kwa rula, nafunua mstari mmoja mmoja. Kabla ya kufunua naandika kwa penseli ningecheza nini na kwa nini. Kompyuta haiulizwi kitu mpaka mchezo umalizike. Michezo naipata Lichess, ni bure, na simu yangu kuukuu inaimudu.

Kwa atakayesoma bila ubao mbele yake: herufi a mpaka h ni mistari ya wima, namba 1 mpaka 8 ni safu za ulalo, mweupe anaanzia chini. Mraba ukitajwa peke yake, kama e4, anayekwenda hapo ni askari.

Machi, mbalamwezi bado

Edgard Colle dhidi ya O'Hanlon, Nice, 1930.

Colle alikuwa Mbelgiji, mzaliwa wa Ghent, 1897. Vidonda vya tumbo vilimtesa miaka yote na alifariki 1932, baada ya upasuaji, akiwa na miaka 34. Baada yake mfumo huu ulitangazwa sana na Mbelgiji mwenzake George Koltanowski, yule aliyecheza mbao 34 kwa wakati mmoja bila kuziona, Edinburgh, 1937.

Hatua nane za kwanza za mweupe: d4, farasi f3, e3, c3, askofu d3, farasi wa pili d2, mfalme anafichwa upande wake kwa ile hatua moja inayomhamisha yeye na ngome pamoja, ngome e1. Hakuna hata kete moja iliyovuka nusu ya ubao. Askofu wa c1 amefungiwa nyuma ya askari wake mwenyewe, na hilo ndilo wengi wanaloulaumia mfumo huu. Nilipofika hapo penseli yangu iliandika "hakuna kinachoendelea".

Hatua ya 9 ni e4, na ubao mzima unabadilika. Tishio ni askari huyo kusogea tena mpaka e5, awashike askofu wa d6 na farasi wa f6 kwa mpigo mmoja. Mweusi anaona bora amle. Wanabadilishana kwenye e4 mpaka askofu wa mweupe anakaa pale katikati, macho yake h7. Hatua ya 11 O'Hanlon anakula d4. Hatua ya 12 Colle anatoa askofu wake kafara pale h7, cheki, yaani mfalme anashambuliwa. Mfalme anamla, farasi anaruka g5, cheki tena, mfalme anatoka g6 nje kabisa ya nyumba yake.

Kuanzia hapo niliacha kukisia nikawa nasoma tu. Hatua ya 18 farasi anakula f7, na anapoondoka g5 anafungua njia: cheki inatoka kwake na kwa yule askofu wa c1 kwa pamoja. Askofu aliyelaumiwa hakusogea hata mraba mmoja mchezo mzima, na bado alimpiga mfalme cheki kutoka kitandani kwake. Mwisho ni hatua ya 20.

Wachambuzi wamebishana miaka mingi kama kafara ile ilikuwa halali, na wapo waliomtafutia mweusi njia ya kupona. Mimi hilo halinisumbui. Ninachonunua hapa si kafara, ni e4. Kwenye kaunta buku nimeandika kwa wino: katika Colle kila hatua kabla ya e4 ni maandalizi ya e4, na isiyoiandaa e4 ina kesi ya kujibu.

Machi, giza

Nyavu. Hakuna sataranji.

Aprili, mbalamwezi

Mvua. Tumehamia kibarazani kwa wazee wa drafti, maana chini ya mwembe kumejaa tope. Mwenzangu wa mazoezi ni Mwalimu, mstaafu wa hesabu anayekaa Kitangiri. Mimi ndiye mwanamke pekee hapo na nimeshazoeleka, wananiita dada wa nyavu, isipokuwa babu mmoja, bingwa wa drafti wa kibaraza kizima, ambaye kwake mimi ni binti.

Leo nilicheza Colle dhidi ya Mwalimu mbele ya wazee hao. Tulifika pale ambapo askari wangu wa d4 na e4 wanatazamana na wake wa c5 na d5. Mimi naweza kula c5 au d5, yeye anaweza kula d4 au e4. Njia nne za kula ziko wazi na hakuna anayekula. Kibaraza kilichafuka.

"Kula, binti! Kula!"

"Sio lazima, babu."

"Sio lazima vipi? Ameweka kete mdomoni mwako. Mchezo gani huu usio na sheria?"

"Sheria zipo, mzee mwenzangu," Mwalimu akasema bila kuinua macho. "Ila hapa ukiacha kula hakuna anayekudai."

Babu hakuridhika, na nadhani ameligusa lenyewe. Sisi wengi wa huku tumekuja kwenye sataranji tukitokea drafti ya vizibo vya soda. Kwenye drafti kula ni amri, na ustadi wote ni kumlazimisha mwenzako ale mahali usipoumia wewe. Mkono uliokulia hapo unaona askari mbele yake, unakwenda wenyewe. Hizi njia tulivu za d4 zinataka kinyume chake: uache askari wawili watazamane hatua tano, sita, saba, na kila hatua uongeze kitu nyuma yao, mpaka mmoja wenu aone kula ni nafuu kuliko kuendelea kusubiri.

Nimerudi dukani nikaupitia tena mchezo wa Nice kwa jicho hilo. Kula kwa mwisho kabla ya kafara, ile d4 ya hatua ya 11, kulikuwa kwa O'Hanlon. Alipata askari mmoja. Nimeweka alama.

Aprili, siku chache baadaye

Mwalimu ameizima Colle yangu bila jasho. Amecheza g6 akamweka askofu wake g7. Askofu wangu wa d3 anatazama h7 na anakutana na ukuta wa g6, na e4 hata ikichezwa haimtishii mtu, kwa sababu d6 hakuna askofu wa kushikwa. Hili si geni kwa wanaoijua Colle: inapendeza mweusi akiwa na d5 na e6, dhidi ya g6 meno yanapungua. Nahitaji njia ya pili mapema kuliko nilivyopanga. London basi.

Mei, mbalamwezi

Tofauti ya London na Colle ni hatua moja: askofu wa malkia, yule wa c1, anatoka kwanza, f4, halafu ndipo e3. Hafungiwi ndani. Mpangilio huo unaweza kuuweka mbele ya karibu kila anachofanya mweusi, ikiwamo g6 ya Mwalimu.

James Mason alikuwa akiutumia askofu huyu wa f4 tangu miaka ya 1880, lakini jina limetokana na mashindano ya London ya 1922. Capablanca, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa dunia mwaka mmoja kabla, alishinda mashindano yale kwa alama 13 kati ya 15. Alekhine alikuwa wa pili na 11 na nusu. Mabingwa walimtoa askofu f4 hasa kuwakabili wenye g6, yaani shida yangu ya Aprili ilikuwa na dawa tangu miaka mia moja iliyopita.

Mambo ya kushika mkononi kabla ya michezo: mweusi akicheza c5 halafu malkia b6, anaitafuta b2 iliyoachwa na askofu, kwa hiyo c3 na malkia b3 ziwe tayari. Na h3 si hatua ya woga. Inamwachia askofu mraba wa h2 wa kukimbilia pale farasi wa mweusi atakapokuja h5 kumtafuta.

Mei, mbalamwezi, usiku

Carlsen, bingwa wa dunia wakati huo, dhidi ya Tomashevsky, Wijk aan Zee, 2016. Huu nimeulalia.

London ya kawaida kabisa: askofu f4, e3, h3, askofu d3, c3. Mweusi anapanga kete zake vizuri, farasi wake anafika g6 kumsumbua askofu wa f4. Nilifunika. Nikaandika askofu arudi h2, ndiyo kazi ya ile h3, nikajiona nimeelewa somo. Nikafunua: hatua ya 13, Carlsen anakula g6 na askofu wake wa d3.

Yule ndiye askofu ambaye vitabu vyote vya Colle na London vinakwambia umtunze, mwenye kumtazama mfalme. Kwa nini anamtoa kwa farasi? Nimekaa na swali hilo mpaka jenereta ya jirani ikazimwa. Jibu linaonekana hatua mbili mbele. Askari wa h anakula g6, maaskofu wa d6 na f4 wanabadilishana, kisha farasi wa mweupe anatua e5 na hakuna wa kumfukuza: yule farasi wa mweusi aliyekuwa akiulinda mraba huo kutoka g6 ndiye aliyeliwa. Mstari wa h umepata ufa. Inafuata f4. Baadaye malkia wakatoka ubaoni, Carlsen akala c5 wakati ambao kula kulimfungulia mstari wa d, na ngome yake ikaingia d7.

Kumbe kula kupo hata kwa mtulivu. Ila kila alipokula, mraba au mstari aliouacha wazi ulikuwa wa kwake. Nimeongeza safu kwenye kaunta buku. Zamani zilikuwa tatu: hatua yangu, hatua ya bingwa, sababu. Ya nne ni "kula huku kumemfungulia nani?"

Mei, giza

Mwalimu yuko Sengerema kwenye msiba wa shemeji yake. Tunacheza kwa meseji, hatua moja moja. Ya kwanza ilinifikia akiwa kwenye foleni ya kivuko Kamanga: "g6 tena. Pole." Nimemjibu askofu f4 kati ya wateja wawili wa kamba.

Mchezo wa namna hii una faida yake. Meseji ikishatumwa hairudi, na kati ya hatua na hatua nauza, napima, naandika risiti, kwa hiyo hamu ya kula inapoa yenyewe.

Juni, mbalamwezi

Torre dhidi ya Lasker, Moscow, 1925. Carlos Torre, kijana wa Mérida, Mexico. Emanuel Lasker, aliyeshika ubingwa wa dunia kuanzia 1894 mpaka 1921. Hapa askofu anakwenda g5, anambana farasi wa f6.

Ubao nimeupanga kibarazani makusudi, nikijua wazee watapenda mwisho wake. Hatua ya 4 Lasker anakula d4, Torre anamla kwa askari wa e. Nimesimama hapo kidogo, kwa sababu mstari wa e umefunguka na mweupe ndiye atakayeweka ngome juu yake. Hatua ya 14 ikanichosha: askofu aliyetoka kwa mbwembwe anarudi c1 alikoanzia.

"Ameogopa huyo," babu akasema.

Hakuogopa. Alimpisha farasi, g5 ikawa wazi, malkia akapata njia ya kwenda h5, na askofu yuleyule akarudi g5 mlango wa pili baada ya mabadilishano. Tukafika hatua ya 25. Malkia mweusi yuko b5, malkia mweupe h5, safu moja, katikati yao amesimama askofu huyo wa g5. Torre anamwondoa. Anamweka f6. Malkia wake anabaki uchi.

"Kula!" kibaraza kizima.

Lasker alikula. Ngome ya mweupe ikaingia g7, cheki. Mfalme h8. Ngome inasogea f7 na kula, na kwa kusogea kwake askofu wa f6 anapiga cheki. Mfalme anarudi g8, ngome inarudi g7, cheki. Mfalme h8. Ngome inaondoka tena, safari hii mpaka b7, inakula askofu, cheki ya f6 iko palepale. Inarudi g7. Halafu inashuka g5, na malkia wa h5 hana pa kwenda. Wachezaji wanauita mzunguko huo kinu cha upepo.

Babu amenirudishia hatua zile mara nyingi akizifuata kwa kidole. Kwenye drafti yake kingi likipata mstari linasomba kete hivyohivyo, kwa hiyo hakuhitaji kufafanuliwa. Alichouliza ni kimoja: "Sasa huyu mkubwa alilazimishwa kula?" Mwalimu akamwambia hapana, ila asingekula angepoteza malkia wake mwenyewe. Babu akasema basi hiyo ni drafti.

Niandike na upande wa pili: Lasker alipata kete moja mkononi baada ya hapo, maana mfalme alipotoka g6 aliwashika ngome na askofu pamoja. Hesabu ilipotulia mweupe alikuwa mbele kwa askari watatu, na mchezo ukaisha hatua ya 43.

Juni, mbalamwezi

Nimeutazama pia mchezo wa Zukertort na Blackburne, London, 1883, kwa ajili ya b3 na askofu b2. Mchezo mtamu, malkia anawekwa b4 mdomoni mwa adui hatua ya 28. Lakini njia ile ni mradi mwingine, hatua za b3 na maaskofu wawili pembeni zinahitaji daftari lake. Nimeiacha.

Julai, mbalamwezi

Ding Liren dhidi ya Nepomniachtchi, Astana, Aprili 2023, mchezo wa sita wa ubingwa wa dunia. London tena. Hatua ya 5 Nepomniachtchi anakula d4, askari wa e anamla, mstari wa e wazi.

Nimeifungua safu ya nne kurasa zote na kuzilinganisha. Nice 1930, mweusi alikula d4. Moscow 1925, mweusi alikula d4. Astana 2023, mweusi alikula d4. Sitaki kuifanya sheria. Kula kule kwa Astana ni njia inayokubalika na mabingwa, na matatizo ya mweusi yalikuja baadaye sana. Lakini kwa mtu wa kiwango changu ni ishara nzuri ya kutazama: mweusi akila d4, kwanza naangalia mstari wa e na ngome yangu iko wapi, mengine yanafuata.

Mwisho wa mchezo huu ni wa kutazamwa polepole. Hatua ya 41 askari mweusi yuko a3, anakimbilia kuwa malkia. Ding anasogeza askari wake d5, hatua isiyokula kitu na isiyopiga cheki. Mweusi anafika a2, amebakiza mraba mmoja. Malkia mweupe c7. Kisha farasi g6, kisha malkia f7, hatua ya 44, mweusi anajisalimisha na askari wake akiwa palepale a2. Ding alichukua ubingwa mwezi huohuo baada ya michezo ya haraka ya kuamua mshindi.

Nimemwonyesha Mwalimu. Amesema wanafunzi wake wa zamani wasingemwamini kwamba d5 ile ndiyo hatua kali kuliko zote tatu zilizoifuata.

Julai, giza linakaribia

Mchezo wa mwisho wa awamu hii nimeuchagua kwa kugeuza ubao, nikae upande wa mweusi: Rotlewi dhidi ya Rubinstein, Łódź, 1907. Askari wa malkia, e3, kila mtu mpole. Hatua ya 6 mweupe anakula c5, na askofu wa mweusi, aliyekuwa hajasogea bado, anamla na kutoka nyumbani kwa hatua hiyohiyo. Bure. Rubinstein naye ana nafasi ya kula c4 na hali. Anangoja. Hatua ya 11 mweupe anamtoa askofu wake d3, na papo hapo Rubinstein anakula c4: askofu inabidi asogee tena kumla askari, kisha b5 inamfukuza asogee mara ya tatu. Malkia wa mweupe naye alikwenda d2, akajirekebisha e2.

Ubao ulipofika hatua ya 15 pande mbili zilikuwa karibu sawa kwa sura, ila mweusi alikuwa ametangulia hatua mbili. Kilichofuata, malkia kutolewa kafara h4 na ngome kutua d2 na h3, kila mpenzi wa sataranji amekiona, na mweupe alijisalimisha hatua ya 25. Mimi nimebandika karatasi kwenye ukurasa wa hatua ya 11.

Mwalimu ananidai mchezo nikiwa mweusi. Ameniambia ataanza d4 na atakula c5 mapema, makusudi, nione kama ninajua cha kumfanya. Babu ameomba awekewe kiti.